Na Jamaa Wote

Ersilia Bartocci alikuwa na namna yake ya kuwapokea wageni. Aliwasimamisha nje ya lango la Roccamerla, akainua mwavuli wake wa njano juu, akakohoa mara mbili, kisha akaanza na uongo wake wa kwanza: kwamba mji huu haujawahi kutekwa na adui. Ulitekwa mara nne, tena mara moja na watu wasiozidi thelathini. Lakini mtu aliyepanda ngazi zote zile kutoka kwenye maegesho ya mabasi, magoti yanalia, anastahili kuambiwa jambo la kumpa moyo.

Asubuhi ile wageni walikuwa kumi na wanne, wastaafu kutoka Bergamo, na kila mmoja amevaa viatu vizito vya kupandia milima kana kwamba Roccamerla ina barafu. Mbele yao wote alijipanga Bi Ornella, mwalimu mstaafu, mwenye daftari mkononi na sura ya mtu anayesubiri ukosee. Ersilia alimjua papo hapo. Katika kila kundi huwa hakosekani mmoja.

Ersilia mwenyewe alikuwa amechoka. Siku mbili alikuwa Ancona kwa binti yake aliyejifungua, akaondoka huko alfajiri kwa treni, na kutoka stesheni akaja moja kwa moja kupokea basi. Alikuwa hajanywa hata kahawa. Kabla ya kufungua mdomo aliangalia kwanza saa ya mnara, kwa mazoea, maana toka langoni inaonekana vizuri. Ikamwambia saa mbili kasorobo. Akaangalia ya mkononi: saa nne na dakika tano.

Saa ya mnara ilikuwa imesimama.

Hilo halikuwa jambo dogo. Saa ile ilitiwa ufunguo kila asubuhi na kaka yake, Nazzareno, kama ilivyotiwa na baba yao na babu yao, na tangu Nazzareno akabidhiwe funguo za mnara haikuwahi kusimama hata siku ya arusi yake mwenyewe. Ersilia na kaka yake walikuwa hawasemeshani, mwaka wa kumi na moja huo. Wakikutana kichochoroni mmoja hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Lakini kila asubuhi Ersilia aliitazama saa, akaona inakwenda, akajua mtu yuko mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, ingawa hakuna aliyewahi kukiri.

"Masikini!" Bi Ornella alisema kwa sauti. Alikuwa amewaacha wenzake na kusogea kwenye ukuta wa kando ya lango, pale yanapobandikwa matangazo ya vifo. "Miaka sitini na nane tu! Siku hizi huo si uzee. Nazzareno Bartocci. Bartocci, si jina lako hilo, mama? Mna uhusiano?"

 Ersilia alisikia maneno yakimwingia moja moja, kila moja likiwa na maana yake, lakini yakigoma kukaa pamoja. Alienda ukutani. Karatasi ilikuwa mpya, gundi yake bado mbichi, ukingo wake mweusi.

NAZZARENO BARTOCCI, wa miaka 68, ametutoka ghafla. Wanatangaza kwa majonzi mkewe, watoto, wajukuu na jamaa wote. Misa ya maziko ni leo saa tano, kanisa la Mtakatifu Illuminata.

Watu wa Roccamerla hawasomi tangazo la kifo kuanzia juu. Wanaanza chini, waone nani ametajwa na nani amesukumwa kwenye "jamaa wote". Humo ndimo hutupwa mkwe asiyependwa, shangazi mwenye mdomo, na binamu aliyehamia mji mwingine. Ersilia naye macho yake yalikimbilia chini yenyewe, kabla ya akili kumwambia kaka yako amekufa. Mke, watoto, wajukuu. Dada hakuna.

Wamenifanyia tena, akawaza. Wazo hilo likamtisha kuliko tangazo lenyewe, kwamba Nazzareno kalala kwenye jeneza na yeye anajitafuta kwenye karatasi.

Maana ugomvi wao ulianzia kwenye karatasi kama hiyo. Mama yao alipofariki, Nazzareno ndiye aliyekwenda kwa mchapaji. Ersilia alipopita langoni siku iliyofuata akakuta mama yake amebandikwa: wanatangaza kwa majonzi mwanawe wa kiume, mkwe, wajukuu na jamaa wote. Yeye aliyemwogesha mama miaka miwili, aliyemkata kucha, aliyemfumba macho, ndiye alikuwa jamaa wote. Alilibandua tangazo lile kwa kucha zake, akalikunja, akalitia kwenye pochi. Lilikuwa humo mpaka leo, nyuma ya kitambulisho.

Kwa miaka kumi na moja alingoja Nazzareno aje aeleze. Hakutaka kuombwa radhi kwa magoti. Alitaka ndugu yake arudi, ni hilo tu, na alijiapiza kwamba wa kuanza ni yeye Nazzareno. Sasa hapakuwa na wa kuanza.

"Mama, u mzima?" aliuliza mzee mmoja wa Bergamo. "Umekuwa mweupe."

"Mzima kabisa," alisema Ersilia. "Twendeni. Huyu ni jamaa tu."

Usimuulize kwa nini hakuwaacha wageni palepale akakimbia nyumbani kwa kaka yake. Angekimbilia kwa nani? Kwa Loredana, mke wa Nazzareno, ambaye moyoni alimshtaki siku zote kwamba ndiye aliyemfuta kwenye karatasi? Na angeuliza nini? Dada anayeuliza watu kaka yake amekufaje amejitangaza mwenyewe kwamba hana kaka. Basi aliinua mwavuli, akaingia mjini, na watu kumi na wanne wakamfuata.

Kisimani alisimama kwa mazoea. Hapo ndipo mahali pa Bata. Huyo alikuwa binamu yake, mtoto wa baba mdogo, mwendo wake wa kuyumba kama bata, ambaye kila asubuhi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kisima na kuwadanganya wageni kwamba ndani yake alizama askofu. Leo kiti kilikuwa kitupu. Hata Bata amekwenda msibani, Ersilia akawaza.

"Na hiki kiti ni cha kihistoria?" Bi Ornella aliuliza.

"Sana," alisema Ersilia, bila kusikia alichoulizwa.

Mlango wa baa ukafunguka. Settimio, mwenye baa, alitoka na kikombe kidogo cha kahawa, akamtilia mkononi bila kuagizwa, akakishika kiganja chake kwa mikono miwili. Settimio alikuwa mtu wa kelele, leo alinong'ona.

"Pole, Ersilia. Pole sana, mama."

"Asante."

"Nimeshindwa hata kuwasha redio. Mtu umemwona juzi hapa hapa, anakutania, kesho yake unaambiwa hayupo."

"Hivyo ndivyo ilivyo," alisema Ersilia, akaimaliza kahawa kwa mkupuo mmoja.

"Mezani, wanasema. Kijiko mkononi. Supu haikuwahi hata kupoa." Settimio alifuta jicho kwa aproni. "Angalau hakuteseka. Ulikuwa umeonana naye karibuni?"

"Karibuni, ndiyo," alisema Ersilia. Ulikuwa uongo mwingine wa siku ile, na huu ulimchoma. Kumbukumbu yake ya mwisho ya Nazzareno ilikuwa ya wiki iliyopita, mgongo wake ukipotea kwenye kichochoro cha wafinyanzi, amebeba mkate na gazeti. Aliona mgongo umeinama kuliko zamani. Akajiambia: nitamwita. Akatafuta kitu kwenye pochi.

Huko kwenye jumba dogo la maigizo alivurugika kabisa. Aliwaambia wageni kwamba lina viti mia sita, na wote waliona kwa macho yao kwamba havizidi sitini. Akasema lilijengwa na babu yake. Bi Ornella alikohoa.

"Samahani, mama, ulitwambia mwanzoni lilijengwa na ukoo wa—"

"Lilijengwa na watu, Bi Ornella! Watu walikuja wakabeba mawe, wakajenga, wakafa! Unataka nikuambie nini zaidi?"

Bi Ornella akafunga daftari lake. Ersilia mwenyewe alishtuka, kwa sababu katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kumpandishia mgeni sauti. Akatazama saa ya mkononi. Saa tano kasoro dakika tano.

"Sasa kanisani," akasema.

Wageni walimfuata, wakidhani ni ratiba. Walipofika uwanja wa Mtakatifu Illuminata, waliona umati wa watu wenye nguo nyeusi, na mmoja wao akanong'ona kwamba mji mdogo una mila nzuri sana, akatoa kamera. Mwenzake akampiga kibao mkononi. Kengele ilikuwa ikigonga taratibu. Kwenye kichochoro cha wafinyanzi lilitokea jeneza, limebebwa na wanaume sita mabegani, likipanda mwinuko.

Ersilia alisogea mbele, mwavuli wa njano bado uko juu. Hakujua kama uko juu. Alikuwa ameshaamua. Atasimama mbele ya jeneza, atasema neno lake, hata kama Loredana atamvuta nywele mbele ya padri. Neno lenyewe hakulijua. Alifungua mdomo, akatazama wabebaji, na wa kwanza upande wa kushoto, jasho likimtiririka, tai imempinda, shavu limebanwa kwenye ubao wa jeneza, alikuwa Nazzareno.

Nazzareno, kaka yake, amebeba jeneza la Nazzareno.

"Mungu ashukuriwe!" Ersilia alipiga kelele.

Kelele ile ilifika mpaka kwenye mnara na kurudi. Umati mzima ukageuka. Padri alisimama na kitabu mkononi. Wabebaji wakakwama, na jeneza likayumba.

Nyuma ya jeneza, kwenye shela nyeusi, hakuwa Loredana. Alikuwa Derna, mke wa Bata.

"Unamshukuru Mungu, wifi?" Derna aliuliza. Hakupaza sauti. "Mume wangu yumo humu, na wewe unashukuru?"

Hapo ndipo Ersilia alipokumbuka, kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji, kwamba Bata naye alikuwa na jina. Babu yao aliitwa Nazzareno, na wanawe wawili, wakishindana nani ampendeze zaidi, walimpa kila mmoja mwanawe wa kwanza jina hilo, majira ya baridi ya mwaka ule ule. Mji mmoja, ukoo mmoja, jina moja, umri mmoja. Ndiyo maana yule mwenye mwendo wa kuyumba alianza kuitwa Bata akiwa na miaka sita, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, hata mwalimu, hata padri. Kwenye matangazo ya Roccamerla jina la utani huandikwa siku zote chini ya jina lenyewe, vinginevyo mji mzima ungelia mtu asiyekufa. Kwenye lile halikuandikwa.

"Derna," alisema Ersilia. "Wifi yangu, nisamehe. Sikujua. Nilidhani… nilisoma…"

"Nilikataa waandike," Derna alisema. "Miaka arobaini na mbili nimevumilia hilo jina. Mume wangu haendi mbele ya Mungu akiwa ndege."

Kwenye umati mtu alicheka, cheko la bahati mbaya, lile linalomtoka mtu pasipostahili, kisha akajificha nyuma ya leso. Ersilia alimkumbatia Derna na Derna akajiachia mzima mzima, wakalia wote wawili katikati ya uwanja, mwavuli wa njano ukiwa juu ya shela nyeusi.

"Ersilia," ilisema sauti kutoka chini ya jeneza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja. "Tupishe. Bata ni mzito."

Wageni wa Bergamo walisali misa nzima. Bi Ornella aliimba kuliko wote.

Baada ya maziko, wakati watu wamekwenda kula kwa Derna, Ersilia alimkuta kaka yake amekaa kwenye ngazi za mnara, tai mfukoni, funguo za mnara mkononi. Akakaa ngazi moja chini yake. Wageni aliwaweka kwa Settimio, na Settimio alikuwa akiwaeleza habari za askofu aliyezama kisimani.

"Ulidhani ni mimi," alisema Nazzareno.

"Saa imesimama! Tangazo lina jina lako! Ulitaka nidhani nani, Papa?"

"Usifoke. Hata mimi nimeshtuka." Alizungusha funguo kidoleni. "Nilijua ni Bata. Viatu nimemvika mwenyewe kwa mikono hii. Lakini asubuhi nilipita langoni nije kutia saa ufunguo, nikaliona jina langu limebandikwa. Nikasoma kuanzia chini. Mke, watoto, wajukuu, jamaa wote. Nikasema, lo, Ersilia wamemwacha tena. Nikaja nikakaa hapa hapa kwenye ngazi. Kupanda sikuweza."

Ersilia alimtazama. Alikuwa amezeeka, nyusi zake zimekuwa nyeupe na hakuna aliyemwambia azipunguze.

"Kwa nini, Nazzareno? Lile la mama. Ni Loredana?"

"Loredana hakuwepo. Nilikwenda peke yangu."

"Basi ni kwa sababu mama alinipa mimi chumba chake."

"Hapana."

"Basi ulinikasirikia nilipomwita daktari yule wa—"

"Ersilia, hapana." Alishusha pumzi. "Mchapaji aliniuliza, niandike nani na nani? Nikataja. Mimi, mke wangu, watoto. Akaniuliza, hakuna mwingine? Nikasema hakuna."

"Ukasema hakuna."

"Nilikuwa nalia. Sijui hata nilifikaje pale. Nilikusahau."

Ersilia alisubiri kama kuna la kuongezea. Halikuwepo. Miaka kumi na moja alikuwa amejiandaa. Kama ni wivu, alikuwa na jibu lake. Kama ni mke, alikuwa na jibu lake, tena kali. Hata kama ni chuki, alishaifikiria akiwa anakunja nguo, anamenya viazi, na akaona anaweza kuisamehe. Hili hakuliandalia kitu. Lilimkalia kifuani na hakujua alishike wapi.

"Bora ungenichukia," alisema hatimaye.

"Ndiyo maana nilikuacha uamini hivyo."

Akataka kumpiga na mwavuli. Kweli kabisa, mkono ulishainuka. Lakini akakumbuka kiti cha plastiki kando ya kisima. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kile kiti kitupu, jina la mwenye kiti limo kichwani mwake, na hata mara moja hakuuliza Bata yuko wapi. Alimjua tangu wote wakiwa na kamasi puani. Mkono ukashuka.

"Na mimi nimemsahau Bata," alisema. "Asubuhi nzima. Nimepewa pole yake, nikaipokea, sikujua ni yake."

 Nazzareno aliweka kiganja chake kizito juu ya kichwa cha dada yake, kama alivyomfanyia akiwa mdogo, kisha akakiondoa.

Ersilia alifungua pochi. Nyuma ya kitambulisho akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshakuwa myeupe, akaifungua juu ya magoti. Mama yao aliwatazama kutoka kwenye picha yake ndogo. Akatoa na kalamu, akaivuta kifuniko kwa meno.

"Haya," akasema. Sauti ilimkauka, akakohoa mara mbili, kama anavyofanya langoni. "Mimi ndiye mchapaji. Pole kwa msiba, Bwana Bartocci. Niandike nani na nani?"

"Ersilia, acha mambo hayo."

"Niandike nani na nani?"

Nazzareno alitazama chini. "Mwanawe," alisema. "Nazzareno."

"Huyo yumo. Hakuna mwingine?"

 Nazzareno aliziweka funguo za mnara chini, kwenye ngazi.

"Yupo," alisema.

"Jina lake?"

Akalitaja, na Ersilia akaliandika.